Udi wa Dukani

Shangazi Kulthum,

Assalamu alaykum kutoka Mkomani. Sisi wazima, ila mke wangu Sumeiya na kikohozi chake. Samli uliyotuma imefika, na nusu imeshaliwa kwa mkate wa mofa.

Kaka yako, Ami Idarus, ameniagiza nikuandikie umletee udi mwingine, ule unaoupika kwa sukari na miski. Ni wa kufukizia duka letu la kompyuta. Wateja wamekatika, naye anasema ni hasadi. Kila asubuhi hupitisha chetezo chini ya kompyuta, moja baada ya nyingine, moshi uingie kwenye matundu, huku akisoma Suratul Falaq.

Shangazi, fundi wa duka hilo ni mimi. Nikifungua kompyuta iliyokufa, nakuta moshi umegandia ndani kama asali nyeusi na feni haizunguki. Nikisafisha leo, kesho anafukiza tena. Ikifa nyingine, anaongeza udi.

Jana ilizima ya mwisho katika zile za kuuza. Ami akanishika bega. "Mwanangu, tumefungiwa ndia ya riziki. Chetezo kimoja hakitoshi."

Nilifungua kinywa nimwambie. Lakini ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifungulia duka nisihangaike Mombasa, na machozi yalikuwa yanamlenga. Nikasema, "Inshallah, Ami."

Chetezo cha pili ameshanunua.

Basi nimekuomba udi, kama nilivyoagizwa. Ukisahau kuuleta, sitakukumbusha.

Mwanao,
Haidar