Farasi Hakukutupa, Conrad

Namakwekwe, Mbale
19 Julai 2026

Mpendwa mdogo wangu Conrad,

"Farasi alinitupa. Mwanaume aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa macho haanguki kwa uoga." Hayo ndiyo uliyomwandikia Baba kwenye simu, naye amewasomea majirani wote mpaka muuza chapati. Nimeamua kukujibu kwa kalamu, maana nikipiga simu unakata.

Kwanza afya. Bega linaendeleaje? Naomba lipone, ila lisipone haraka mno, usije ukasahau. Sisi hatujambo. Mama anakohoa, lakini bado anagombana na kila mtu, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Mahindi ya shamba la Busiu yamebeba vizuri.

Sasa nisikilize. Farasi hakukutupa. Nilikuwepo Jinja, nimesimama kwenye uzio na wifi yangu Nakisige, siku uliyoniita nije nione unavyoongoza watalii. Vijana wa kwetu wanaoishi huko wakapita wakicheza kadodi, ngoma yetu ya tohara, vishindo vikalipuka nyuma ya ua, farasi wako akaruka kando. Akaruka kando tu, Conrad. Kuku angebaki juu yake.

Wewe ulikakamaa. Ulifunga meno, ukabana pumzi, ukanyoosha magoti, ukavuta hatamu zote mbili kifuani kama mtu anayeibiwa. Ulifanya vilevile kama siku ya kutahiriwa, ulipogeuka nguzo na ukoo mzima ukakushangilia. Lakini mtahiri hakuruka kando! Kisu kinataka nguzo. Farasi mwenye hofu akihisi amebeba nguzo, huogopa zaidi, na nguzo huanguka nzimanzima. Unachojivunia tangu ujana ndicho kilichokuangusha.

Farasi wa Aber, mwenzako wa kazi kutoka Gulu, alishtuka vilevile. Aber alitoa pumzi, akajiachia mzito kwenye tandiko, visigino chini, kiuno kikamfuata farasi alikokwenda. Akavuta hatamu moja, taratibu, farasi akapinda shingo, akazunguka, akasimama. Ndipo akakutazama pale matopeni.

"Afande, umeangusha nini huko chini?"

"Wacha maneno, kamata farasi! Hii farasi iko na pepo!"

"Pepo gani? Pepo imebaki juu. Wewe ndiyo iko chini."

Watalii walicheka. Mmoja alikupiga picha akidhani ni sehemu ya alichokilipia. Hayo ningeyasamehe, kila apandaye farasi huanguka. Nisichokusamehe ni kwamba ulimfunga yule farasi jike kwenye mti ukampiga mpaka fimbo ikavunjika, na ngoma bado zinalia. Nambozo wako, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule, akanivuta gauni. "Senga, mbona baba anapiga farasi na ni yeye ameanguka?" Mimi shangazi yake, ninayebishana na wabunge magazetini kila wiki, nilimgeuza tu atazame wacheza ngoma.

Leo Baba ananiambia kwa furaha kwamba mwezi ujao, siku kijana wetu Jude atakapotahiriwa, utakuja Mbale na farasi huyohuyo, utangulie msafara, na Nambozo umempakata mbele yako kwenye tandiko. Ati ukoo uone. Utaona nini ukoo? Siku hiyo ngoma hazitakuwa nyuma ya ua, zitakuwa masikioni mwa mnyama uliyemfundisha mwenyewe kwamba kadodi ikilia, fimbo inafuata. Ataruka. Wewe utakakamaa, kwa sababu hujui kingine, na watu watakuwa wanakutazama. Jinja uliangukia matope. Hapa utamwangukia mtoto.

Nisalimie Aber, mwambie nilicheka njia nzima mpaka Mbale. Nisalimie pia Ramlah, jirani yenu, na ahsante kwa samaki. Mungu awalinde nyote, na wewe akulegeze kiuno, kichwa tutakishughulikia baadaye.

Conrad, njoo kwa miguu, au mwachie Aber hatamu. Nawe wifi Nakisige, najua barua zangu unazisoma kabla yake: asubuhi hiyo mshike Nambozo mkono, na usimwachie, hata akilia, hata mume wako akiuita ukoo mzima uje kukuamrisha. Waambie waje kwangu.

Dada yako akupendaye hata ukiwa matopeni,
Janepher