Nilimpa Mchumba Nafasi ya Pili

Mpendwa Shangazi Winifred,

Naomba msaada, na naomba usicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu dada yangu alicheka nikiwa katikati ya maneno na hatusemezani hadi leo. Mimi ni mjane wa miaka sitini na minane, naishi huku juu Weardale, bonde la kaskazini mwa Uingereza, na maisha yangu yote nimefuga mbwa wa Bedlington, wale wenye manyoya ya kondoo na roho ya simba, tena sio wa kulala mapajani bali wa maonyesho, wa kupandishwa mezani wakaguliwe meno na mbavu. Nilianza utotoni, mjomba wangu mchimba makaa ya mawe alipokuwa na jike mmoja chini ya meza ya jikoni, nikampeleka kwenye sherehe ya kijiji kushindania mbwa mwenye mkia mchangamfu kuliko wote, tukashindwa na mbwa wa kasisi ambaye mkia wenyewe ulikuwa kipande tu, nikaapa palepale kwamba siku moja nitakuja na mbwa ambaye hata kasisi atamvulia kofia.

Marehemu Wilf alinioa ukubwani, nikiwa nimeshavuka arobaini, tena akijua. Fungate yetu ya Blackpool tuliikatiza kwa sababu jike wangu Bluebell alishikwa na uchungu kabla ya wakati, na kwenye picha ya harusi mama mkwe haonekani kwa kuwa Bluebell huyohuyo amesimama juu ya kiti mbele yake, na kusema kweli amesimama vizuri sana. Wilf hakulalamika, alikuwa akisema yeye hula baada ya mbwa lakini angalau anakula. Sikatai kwamba ufugaji umeniingia mwilini, kanisani namtazama bibi harusi anavyokanyaga badala ya gauni, na mwaka juzi nilipoonyeshwa mjukuu wa jirani nilisema taya la chini limetokeza kidogo ila huenda likarudi akibadilisha meno, nikashangaa mama yake amenuna, maana mimi nilikuwa namfariji.

Sasa nina Diwani. Diwani ni mwana wa Tansy, Tansy binti wa Juniper, Juniper binti wa Bluebell niliyekwambia, na baba yake Diwani ni Sajenti wa Alnwick ambaye kila mtu anamjua. Shangazi, sijawahi kuzalisha mbwa kama huyu, mgongo una upinde ule ambao ukiuona mara moja unatafuta pa kukaa. Ana vyeti viwili, na ubingwa wetu sisi unataka vitatu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, na hicho cha tatu kinatuchezea kila msimu, leo mwamuzi hapendi rangi yake, kijivu chenye usamawati, kesho mvua imeharibu nywele za kichwani. Na umri unakwenda, manyoya ya masikioni yameanza kupungua, mwaka huu asipokuwa bingwa hatakuwa tena.

Tangu Wilf afariki, anayetupeleka kwenye maonyesho ni bwana mmoja wa kijiji cha chini, mgane, dereva mstaafu wa basi la shule, kwa kuwa mimi gari sijui kuendesha. Anakuja kabla jua halijachomoza, anapakia meza na masanduku na mashine ya kukaushia manyoya, ananiletea mkate wenye nyama ya nguruwe na njegere alizoponda mwenyewe, kisha kutwa nzima anakaa kwenye kiti cha kukunja akisoma gazeti, mvua inyeshe isinyeshe, na mimi siku zote nimejua kwamba huyu bwana anapenda mbwa.

Basi mwezi uliopita nilialikwa kuamua kwenye maonyesho ya Hexham, nilikuwa nimekagua mbwa tangu asubuhi mpaka mikono inakwenda yenyewe, nikatoka nje ya hema na ini la kuoka la kubembelezea mbwa bado limejaa mfukoni, yeye ananimiminia chai, na bila hata kuiweka chupa chini akasema, "Bibie, mimi na wewe tunazeeka kila mtu kwake. Si bora tuoane tuzeeke nyumba moja?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Hebu tembea mpaka kwenye uzio, kisha urudi."

Akatembea. Alidhani kuna kitu nataka anichukulie, alipofika akageuka kuuliza ni nini, nikamwambia arudi tu, asiharakishe, na aliporudi nikamtolea maelezo kwa sauti, maana mwamuzi hawezi kupanga nafasi asieleze: kifua kizuri, macho ya upole, mabega yamelegea kidogo, nyuma anabana miguu, lakini kwa jumla ni mnyoofu. Nafasi ya pili.

Hakukasirika. Aliniuliza taratibu, "Nyuma ya nani? Kama ni Wilf sema tu. Nyuma ya Wilf nakubali kusimama." Hapo ningeitikia tu na mambo yangekwisha, lakini Shangazi, mimi uwanjani sijawahi kudanganya. Nikamwambia, "Nyuma ya Diwani."

Akamwaga chai yake kwenye nyasi. Akanirudisha nyumbani, akashusha meza na masanduku yote kama kawaida, akampapasa Diwani kichwani, akaondoka, na tangu hapo hajapita. Nimekuwa nikijiambia kwamba ninachokosa ni gari tu, lakini juzi nilichemsha njegere nikaziponda kama anavyoziponda yeye, hazikuwa tamu hata kidogo, nikaketi jikoni nikalia mpaka mbwa wote wakahamia sebuleni.

Sasa dada yake huyo bwana amenijia na habari kwamba Jumamosi klabu ya wazee inakwenda Whitby kwa basi, kula samaki na kutazama bahari, na kwamba kaka yake anakwenda, na kiti cha pembeni yake amekilipia, lakini hataniomba mara ya pili. Na Jumamosi hiyohiyo ndiyo maonyesho ya Darlington, mwamuzi anatoka Norway, hajawahi kumwona Diwani, na habari zake ni kwamba anapenda mgongo wenye upinde. Thelma, ambaye tumeshindana tangu ujana wetu, ameniambia kwenye gari lake nafasi ipo. Nifanye nini, Shangazi? Ni haki kweli mtu mzima kumwekea mwenzake mtihani wa namna hii? Na je, nikienda Darlington nikapata cheti, kisha nikampelekea utepe wa ushindi nyumbani, unadhani hatafurahi?

Ni mimi,
Mwenye Diwani, Weardale


Shangazi Winifred anajibu:

Mwenye Diwani, pole. Nakupa pole mwanzoni kabisa kwa sababu kuanzia hapa sina nyingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja. Nimemjua Diwani, nimemjua mama yake, bibi yake na mzaa bibi yake, nimejua mpaka hali ya mkia wa mbwa wa kasisi. Jina la mwanamume aliyekuomba muoane sijaliona mahali popote. Mtu anakupondea njegere alfajiri, halafu unamwandika "bwana mmoja wa kijiji cha chini"? Mama, angekuwa na manyoya ungenipa ukoo wake wote.

Eti siku zote ulijua anapenda mbwa. Nikwambie kitu. Mume wangu alifuga njiwa wa mashindano. Miaka na miaka nilisimama naye uani, shingo imepinda, tunatazama angani tuone nani amerudi wa kwanza, na mimi njiwa siwapendi hata wakiwa kwenye supu. Niliyempenda alikuwa mwenye njiwa. Amekufa akiamini nilikuwa shabiki, na mpaka leo inaniuma kwamba hakuuliza. Wewe mwenzangu bado una nafasi ya kuuliza, nawe unaniletea habari za mwamuzi wa Norway.

Hukumu yako ya Hexham naitengua. Wewe ni mwamuzi, unajua vizuri kwamba mbwa mkubwa hashindanishwi na mtoto wa miezi sita, kila mmoja ana daraja lake, na anayechanganya madaraja haalikwi tena. Sasa ni kitabu gani cha sheria kilichokuruhusu kumpanga mchumba na mbwa kwenye mstari mmoja? Diwani awe wa kwanza wa madiwani wote, hakuna anayembishia. Huyo bwana yuko kwenye daraja lake, na kwa ninavyoona humo yuko peke yake. Wala usijisifu kwamba ulisema ukweli. Ulisema kilichokuja mdomoni. Hakuna mtu anayelia jikoni kwa ajili ya nafasi ya pili.

Na hilo la kuuliza kama ni haki akuwekee mtihani, kwa kweli una uso mkavu. Aliyemtembeza mwenzake mpaka kwenye uzio ni nani?

Haya, sikiliza, na ufanye kama ninavyokwambia. Sikuambii Diwani akose cheti, mimi sio mkatili kiasi hicho. Ila nyinyi watu wa mbwa mnashikiana kamba kila msimu, mmoja akiugua au akizidiwa na kazi mwenzake anamwingizia mbwa uwanjani. Thelma amekupa kiti kwenye gari lake. Mwambie kiti hicho ampe Diwani. Ijumaa mnyoe na umchane, mpe Thelma maelekezo yote, na akija kumchukua usisimame dirishani. Najua itakuuma kuona mpinzani wako wa ujana ameshika mbwa wako siku ya siku. Acha iume. Cheti kikipatikana kitakuwa cha Diwani, na mwenye Diwani utakuwa wewe hata ukiwa Whitby una mafuta ya samaki mdomoni.

Wewe mwenyewe oga, vaa koti ambalo mfuko wake haujawahi kuingia ini, na upande basi. Ukimwona anakuja usimtazame miguu. Mwite kwa jina lake, na umwambie kwamba umemkosa yeye, sio gari lake. Kisha mpe jibu, kwa sababu aliuliza swali na mpaka leo hujamjibu. Jibu la swali hilo ni ndiyo au hapana. Ukisema hapana, sema kistaarabu na ujifunze kuendesha gari. Ukisema ndiyo, mbwa wapo na yeye yupo, nyumba ni kubwa. Utepe usimpelekee. Ukimpelekea utepe nitakuja Weardale mwenyewe.

Na kama bado unasitasita, mimi basi la wazee nalijua, nimo humo kila kiangazi. Wajane tumejaa tele, hakuna hata mmoja anayefuga mbwa, na wote tunakuja na keki. Kiti hicho, mama, hakitafika Whitby kitupu.