Nilichomwambia Tabia

Bagamoyo,
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpenzi Raya,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Alawi, na kwamba kifua cha mtoto kimepoa. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Baba bado anakohoa, ila msikitini anakwenda kwa miguu yake, alhamdulillahi.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimekupigia mara tatu, na kila ukisema haloo maneno yangu yanayeyuka, naishia kukuuliza bei ya samaki. Kwenye karatasi yanatulia kidogo.

Habari yenyewe ni ya timu yetu. Unamkumbuka Tabia, winga wetu wa kushoto, yule anayekimbia kama nyayo hazigusi nyasi? Mwezi wa tatu aliacha kuja mazoezini. Kocha Mikdad akatutangazia kwamba kapata mchumba, na hakuna aliyeuliza zaidi. Asubuhi zile ukungu ulikuwa unatufika magotini. Mimi nahodha nikiita majina, nikifika la Tabia naliruka, na sauti yangu naisikia kana kwamba mtu mwingine anaita kutoka chini ya maji.

Kisha tukacheza Mbegani. Mwamuzi alikuwa mama mmoja, Bi Ashatu. Mechi ilipokwisha alivua viatu, akakaa nasi kwenye nyasi. Alisema mchezaji akishikwa mwili bila ridhaa yake, au akiambiwa kwamba nafasi uwanjani inatafutwa chumbani kwa mtu, hayo si mazoezi, ni kosa, na polisi lipo dawati la jinsia linalosikiliza mambo hayo. Halafu akauliza winga wetu wa kushoto, aliyemwona mechi zilizopita, yuko wapi. Sote tukainama.

Kesho yake nikapanda basi mpaka Msata. Tabia alikuwa anamenya mihogo kwenye genge la mama yake. Nilimwomba radhi, nikamwambia nataka twende polisi pamoja. Hakuniinulia uso. Alimenya mihogo miwili mizima, maganda yakianguka taratibu, jua limesimama juu yetu kama limesahau njia.

“Umechelewa, nahodha,” akasema. Kisha akafuta kisu. “Ngoja nichukue mtandio.”

Pale dawatini alitupokea Afande Najma. Alitusikiliza mmoja mmoja, mlango umefungwa, na hakutuuliza tulivaa nini. Aliandika kila kitu, akatunza na ujumbe ambao kocha alikuwa akitutumia kwenye simu. Afisa ustawi wa jamii anakutana nasi kila Jumatano. Mwenyekiti wa timu, Mzee Abdulazizi, alinipigia akitaka tuyamalize kifamilia. Nilimjibu kwamba nimeshatia saini maelezo yangu. Sasa Mikdad kasimamishwa, haruhusiwi kukanyaga uwanjani, na wasichana wengine wawili wamejitokeza. Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Wapo wanaosema tulimtega. Tabia karudi mazoezini, ingawa nami hazungumzi sana, na simlaumu.

Maana lile lililonifanya nishike kalamu ni hili, dada. Tabia alikuja kwangu kwanza, kabla hajaondoka. Alinieleza alichofanyiwa kwenye chumba cha vifaa, nami nikamwambia avumilie, mashindano ya mkoa yako karibu. Nilimwambia hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimevumilia miaka miwili. Ramadhani ile niliyokuja kwako Pangani, nikalala siku nne nimejifunika shuka, nawe ukinipikia uji na kuniletea dawa, haikuwa malaria.

Sasa umejua. Mama nilimweleza jana, akanishika kichwa akalia bila sauti. Baba bado. Ijumaa baada ya swala nitamwambia, kabla hajayasikia barazani kwa watu. Sikuombi unisemee wala unitetee. Nakuomba upande basi la Alhamisi, uje ukae ubavuni kwangu, miguu yangu isinikimbie.

Msalimie sana shemeji, na mtoto mbusu mashavu yote mawili kwa niaba ya mama yake mdogo. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Wahida