Nusu ya Karatasi Uliyoninyang'anya

Dada Mwanaisha,

Zuhura amefaulu shahada ya pili, na ile karatasi ya babu haikuwa dua. Ulisema kweli wewe.

Sasa shikamoo. Goti bado linakusumbua? Sisi hapa Johannesburg wazima, ila baridi inatutesa. Nakuandikia kwa mkono na kumpa Mama Rehema anayekuja huko kwa basi, maana simu yangu hupokei, na sikulaumu.

Kwanza habari za mwanao Zuhura. Mtaa wetu huu wa Troyeville mzima hakuna mtoto wa kwetu aliyesoma kama huyu. Mimi na darasa langu la saba na cherehani yangu, nimezaa mtu ambaye walimu wanampisha mlangoni. Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo eish, kazi. Alichoandika kwa shahada hiyo ni habari za wafanyabiashara wa zamani, pale manowari za Wazungu zilipofunga bandari za pwani yetu, kila chombo kikitoka kinasimamishwa, mali ikawaozea watu ghalani.

Mwalimu wake alikuja kwangu kula pilau. Mimi na mdomo wangu nikajisifu kuwa ukoo wetu ni wa mashehe, na kwamba mtoto huyu alipona degedege kwa dua ya babu wa marehemu baba. Nikaitoa ile hirizi niliyoishona mwenyewe, karatasi ya babu ikiwa ndani. Ngozi bado imara, mshono haujaachia hata uzi. Mwalimu akaomba ifunguliwe. Nilikataa mpaka chai ikapoa. Zuhura akanitazama tu, nikachukua mkasi.

Aliyetusomea ni mzee wa Kingazija anayefundisha watoto Kurani hapo mbele ya roboti, pale magari yanapongoja taa. Alianza kwa kucheka. "Mama, herufi ni za Kiarabu lakini maneno ni Kiswahili. Hii barua ya mtu wa sukari." Halafu akaacha kucheka. Babu anamwandikia mdogo wake aliyeko Unguja:

"Sukari yako ipo ghalani hapa Pangani, haina njia. Manowari zimesimama mbele ya mto. Mvua imeingia, magunia yanatiririka sakafuni. Ndugu yangu, usinidhanie mwizi. Ukija utakuta"

Hapo ndipo nilipochana.

Unaikumbuka siku ile. Nusu nilitaka kuishona, nusu niiloweke kwenye marashi mtoto anywe. Ukaninyang'anya nusu ya pili ukasema ni barua ya mtu, nisiiloweke. Nami mbele ya wanawake wote nikakuambia, "Hujazaa, utajua nini?"

Dada, neno hilo nimelibeba miaka yote hii. Nilipopata karatasi za kuishi huku, nilipopata chumba changu cha kushonea, kila jema nilitaka wewe ulisikie kwanza, aibu ikanizuia. Nikawa najiambia mtoto alipona kwa hirizi yangu. Si kweli. Alipona kwa sababu wewe ulimfunga mgongoni ukamkimbiza hospitali, mimi nimebaki nyumbani nahangaika na sindano na uzi.

Zuhura ameuliza kama nusu ile ipo. Nimemwambia mama yake mkubwa hatupi kitu cha mtu. Kama unayo, njoo nayo, tujue yule mdogo wake babu angekuta nini. Kama uliitupa kwa hasira, njoo hivyohivyo.

Siku ya mahafali kila mhitimu anapewa viti viwili vya wazazi. Baba yake unajua alishaenda na njia yake. Kiti cha pili nimeandikisha jina lako, na Zuhura ndiye aliyenitajia kabla sijafungua mdomo. Gauni lako tayari, mwili nimeukisia, nimeacha upindo mpana. Huku hakuna fundi wa kunishinda, utaona mwenyewe.

Nisalimie Mjomba Athumani na birika lake la kahawa, na Shangazi Kibibi aliyenifundisha kushika sindano. Waambie nao waje, viti vyao nitavitafuta, wakikosa watakaa nje na pilau wataikuta nyumbani.

Mimi mdogo wako, mwenye mdomo,
Mama Zuhura

Maneno mengi, siku yenyewe nimesahau kuitaja: ni Ijumaa ya pili baada ya Idi. Mimi na mwanao tutakuwa stendi ya mabasi tangu Jumatano.