Diski Iliyogoma

Jumanne, Mugoma

Na bado anajiita mtaalamu! Siku nzima nimehangaika kuunganisha diski mbili za kompyuta ya parokia, ziwe hifadhi moja ya picha za vitabu vya ubatizo. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ikagoma, kompyuta ikaandika kwamba tayari ina kazi nyingine.

Nikampigia huyo bwana wa Mwanza aliyetuuzia. Hata swali moja hakuniuliza. "Lazimisha, dada. Ifute, uanze upya. Diski ni mpya hiyo, haina kitu."

Mpya! Sasa anayeitumia ni nani, malaika?

Lakini nilikuwa nimechoka. Nikaandika amri ya kufuta, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe katekista alipoingia, yule mzee niliyemcheka asubuhi kwa kushika kipanya kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivi kazi yangu umeiona? Vitabu vya kigango cha Murukulazo nilivipiga picha vyote, nikaviweka kwenye diski mpya kabla mchwa hawajavimaliza."

Nikaifungua. Vilikuwemo, ukurasa baada ya ukurasa, majina ya watu waliokwisha kufa na wazazi wao wa ubatizo. Vitabu vyenyewe sasa ni vumbi. Kumbe mashine ilisema kweli tangu asubuhi.

Jioni bwana mkubwa wa Mwanza katuma ujumbe: "Vipi, umelazimisha?"

Sijamjibu. Ningemtukana vizuri sana, maneno ninayo. Ila kidole kilikuwa changu.