Jina Chini ya Barua

Jumatatu, 7 Agosti 1961
Uji, kuoga, shuka. Mapacha wanakohoa tena. Saa nne Direkteri alituita sote buroni, ofisini kwake. Agnesi akasoma mpango wake: ndugu wasitenganishwe, kila mtoto awe na fishi, kadi yenye majina ya jamaa zake, jamaa watafutwe kwanza. Direkteri alipiga makofi. Kwangu hajawahi kupiga. Miaka kumi na moja niko katika nyumba hii ya yatima. Agnesi ana miezi mitano.

Alhamisi, 10 Agosti
Mpango ni mzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Nami niliwaza hivyo zamani, tangu tulipowapeleka wasichana kwa masista na kaka zao wakabaki hapa wakilia. Sikusema. Mimi sikusoma kama yeye. Yeye ni Muluba wa Kasai, na Wakasai wamesoma.

Jumamosi, 12 Agosti
Direkteri amenipa barua ya mpango, chini yake jina la Agnesi, niipeleke ofisi ya juu itiwe sahihi. Ofisi iko njiani kwenda kwangu Makomeno. Nilipita mlangoni. Sikuingia. Barua iko sandukuni, chini ya vitenge.

Ijumaa, 18 Agosti
Wameletwa wawili. Fidelia, miaka saba. Toma, mitatu. Mama yao amefia hospitali. Kanuni ni ileile: Fidelia kwa masista, Toma hapa. Fidelia alinishika gauni. "Mama, mudogo yangu anaogopaka kulala peke yake." Nilimbandua vidole kimoja kimoja.
Agnesi aliuliza, "Barua haiyakuya?"
Nikasema bado haijarudi.

Jumanne, 29 Agosti
Agnesi hakuja kazini. Vijana wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani Muluba, wamfukuze. Jirani yake anasema amekimbilia kambi ya wakimbizi na watoto wake, na godoro moja. Nilifurahi. Niandike ukweli: nilifurahi. Direkteri amenipa meza ya Agnesi.

Alhamisi, 31 Agosti
Toma hataki kula. Siku ya tatu. Anakaa mlangoni tu. Meza ya Agnesi sina hamu nayo.

Jumamosi, 2 Septemba
Nimekwenda kambini. Vibanda vya magunia, moshi, watu wengi mno. Agnesi alikuwa anafua. Nikamwambia yote.
"Ulifichaka barua? Juu ya nini?"
"Wivu."
Alikamua nguo, akaitundika. Nilingoja anitukane. Akauliza, "Toma anakula?"
Hata pale amenishinda. Nilimchukia kwa swali lile. Halafu nikalia, na yeye hakunibembeleza. Akasema Fidelia alimwambia wana shangazi huko Kasomeno, anauza samaki. Aliyaandika hayo kwenye fishi, bila kungoja sahihi. Fishi iko mezani kwake. Mezani kwangu. Sikuwa nimeifungua.

Jumatatu, 4 Septemba
Asubuhi nimempa dereva wa lori la samaki ujumbe kwa shangazi. Kisha ofisi ya juu, na barua. Karani alisoma hadi chini, akaisukuma. "Jina hii ya Kasai haiwezi kupita. Tia jina yako, batatia sahihi leo."
Nilitamani jina langu liwe pale tangu siku ya kwanza. Sasa napewa bure. Nilimfikiria Toma mlangoni. Nikaandika upya, nikatia langu. Saa nane ilikuwa na sahihi na muhuri.

Jumatano, 6 Septemba
Direkteri amesoma barua mbele ya wote. Wakanipigia makofi. Nilimwambia ni mpango wa Agnesi. Akasema, "Tunajua, Mama Bernadeta. Nyamaza." Nilinyamaza. Ningali namwonea wivu. Mwanamke aliye kambini, hana hata meza.
Fidelia amerudishwa jioni. Toma alikula nusu sahani.

Jumapili, 10 Septemba
Shangazi amefika baada ya misa. Mwanamke mfupi, viatu mkononi, ananuka samaki wakavu. Amewalilia, amewapangusa pua, amewafunga kanga moja wote wawili. Akaniuliza amshukuru nani.
Nikamwambia: Agnesi Mbuyi.
Alilirudia jina mara mbili, asisahau. Fidelia naye akalirudia. Wakaondoka.
Nimefagia ukumbi. Upepo kidogo, vumbi jekundu.