Mjomba, Uliitikia Amin

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Marahaba iitikie hukohuko bara, mimi sitaisubiri. Na usimlaumu mama kwamba hakunifunza adabu. Mpwa ana haki ya kumtania mjomba wake, wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo mbele ya kiwanda kizima.

Barua hii nimeiandika wazi. Kila mtu wa Makorora anayejua kusoma aisome, na asiyejua asomewe. Najua nimeishia kidato cha pili, lakini mwandiko wangu unajulikana: uko kwenye mabehewa yanayopita relini, nimeuandika kwa moto.

Unakumbuka siku uliponipa kuchomelea kwa mara ya kwanza? Ulipouona ule mshono ulicheka mpaka kofia ikakudondoka. "Sudi," ukasema, "hapa umechomelea au umetapika?" Nikaufuta kwa grenda, nikarudia, nikafuta tena. Jioni ukaupitishia kidole, ukanyamaza. Wewe kunyamaza ndicho kilichokuwa cheti changu. Tangu hapo, kuanzia Makorora mpaka Pangani, anayejiona fundi kuliko mimi na ajitokeze.

Behewa likikamilika ulikuwa ukilizunguka na nyundo, unagonga gurudumu moja moja, umetega sikio, nasi tumetulia kama tuko msikitini. Likitoa mlio safi unasema, "Huyu mzima, aende zake." Niliamini kwamba mtu mwenye sikio lile hawezi kusema uongo. Tazama akili yangu.

Kisha ukatukusanya chini ya winchi. Ukasema mashine yetu kubwa ya kukunjia mabati inaondoka, inaipisha mpya. Mhina, yule Mshambaa asiyeamini hata kalenda, akauliza, "Mpya inakuja lini, fundi?"

"We Mhina! Bibi harusi utamlaza wapi, na mke mkubwa bado kajinyoosha kitandani?"

Tukacheka. Mhina naye akacheka.

Tuliifungua ile mashine kwa mapenzi, Mjomba. Kila bolti tuliipaka grisi, kila kipande tukakifunga turubai, tukaandika kwa chaki kipi kinashikana na kipi. Mimi nilikuwa juu kabisa, naimba. Wenzetu kwingine hufukuzwa. Sisi kiwanda chetu tulikifungasha wenyewe, tena vizuri, kama mzigo wa bibi harusi.

Mzee Kombo, fundi wa magurudumu aliyekuwa akituswalisha adhuhuri, akasema kitu kikubwa namna ile hakiondoki bila dua. Akafukiza ubani. Mama Neema muuza chai akaleta maandazi, naye Mlutheri wa watu akainamisha kichwa pamoja nasi. Mzee akaomba Mola ailete mashine mpya salama, iwe na kheri kwetu na kwa watoto wetu. Nilisimama ubavuni kwako. Uliitikia "Amin" kwa sauti kuliko sote, ukajipangusa uso kwa viganja viwili.

Lori likaondoka nawe umekaa mbele na dereva. Ulisema unaisindikiza mashine. Tulikupungia mkono, mimi nikakurushia na andazi la njiani. Siku chache baadaye lango likapigwa kufuli, mlinzi akaambiwa asimwingize mtu hata aliyesahau viatu ndani. Mashine mpya haikuja. Kiwanda kilikuwa kimekwisha, na dereva aliporudi ndiye aliyetuambia kwamba kwenye kiwanda cha huko bara ilikopelekwa mashine yetu wewe ulishapewa cheo hata kabla hatujafungua bolti ya kwanza.

Unataka habari za huku? Mhina amerudi kwao mlimani kulima kabichi. Mama Neema bado anapika chai palepale langoni, anawauzia waendesha bodaboda wawili na mbuzi mmoja mwizi. Mzee Kombo anatengeneza majiko ya mkaa barazani kwake, na kila akimaliza moja analigonga, anatega sikio. Jiko, Mjomba! Watoto wanamcheka. Siku ya kwanza nami nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kukaa peke yangu.

Mimi nachomelea mageti. Geti langu halipigi kelele, linakukaribisha. Lakini ni geti tu, haliendi popote.

Juzi ukampigia mama. "Mwambie Sudi aje, nimemshikia nafasi moja huku. Ila asiwatangazie wenzake." Mama alifurahi, akaanza kunipigia shati pasi. Nikamwambia angoje kwanza. Sikufichi, kazi naitaka. Mkono huu uliumbiwa mabehewa. Na nimekukumbuka, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Lakini unataka nitoke kama ulivyotoka wewe, kwa kunyata.

Hukuweza kumnong'oneza hata mmoja wetu? Hata mimi, mtoto wa dada yako? Tungekutukana, ndiyo. Mhina angekurushia spana. Kisha tungekufungia chakula cha njiani, tukakusindikiza. Kwetu mtu akienda safari ndefu hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hata mwizi huaga kwao.

Kwa hiyo siji. Njoo wewe. Ukishuka stendi usianzie kwa mama, maana atakupa wali na utajificha nyuma ya sahani. Anzia barazani kwa Mzee Kombo. Mpe shikamoo, ukae chini, umwambie kwa kinywa chako kwamba wakati ule unaitikia Amin ulikuwa unajua. Nitakuwa nimesimama pale, sitakusaidia hata neno. Akikupa radhi, begi lako nitalibeba mimi mpaka kwenye basi, na huenda nikapanda nawe. Asipokupa, nafasi hiyo mtafutie mtu mwingine.

Rudi, Mjomba, uondoke vizuri.

Ni mimi, mpwa wako wa pekee, fundi kukuzidi,
Sudi.